Mlima Wenye Uvungu: Safari ya Arantzazu na Aizkorri



Leo ukurasa wetu wa safari unatupeleka Ulaya, katika nchi ya Wabaski. Watu hawa wanakaa pande mbili za mpaka wa Hispania na Ufaransa, pale milima ya Pirenei inapoteremka kuelekea bahari. Katika jimbo lao moja, Gipuzkoa, kuna safu ya milima iitwayo Aizkorri, na ubavuni mwake kuna mahali pa hija panapoitwa Arantzazu. Tutakwenda kwa miguu, kwa sababu huko hata wenye motokaa huziacha chini na kupanda kwa miguu, wazee pamoja na watoto.

Kwanza tuseme habari ya urefu, maana najua wanafunzi wataiuliza. Kilele kirefu cha safu hiyo huitwa Aitxuri, nacho kina meta 1,551 tu juu ya bahari. Basi wewe unayesoma gazeti hili Bukavu, ukiwa umeketi barazani pako, uko karibu sawa na kilele hicho. Maji ya Ziwa Kivu yenyewe yako penye meta 1,460 hivi. Ruwenzori, yenye meta 5,109, tusiitaje hata kidogo, tusije tukawaaibisha wenyeji. Walakini mlima haupimwi kwa meta peke yake. Mji wa Oñati, tunakoanzia safari, uko bondeni, penye meta kama 230. Anayetaka kufika kileleni hana budi kupanda meta elfu moja na mia tatu kwa nguvu za magoti yake. Tena upepo wa Atlantiki huleta mvua na ukungu siku yoyote upendavyo, na wakati wa baridi huleta theluji. Katika majimbo matatu ya Wabaski, yaani Gipuzkoa, Bizkaia na Araba, hakuna kilele kinachozidi hicho.

Oñati ni mji mdogo wa kale. Katika karne ya 16 Askofu Rodrigo Mercado de Zuazola alijenga chuo kikuu pale, na nyumba yake ingali imesimama, na mlango wake uliochongwa sanamu za mawe unatazamwa sana na wageni. Sisi hatutakaa. Tunashika njia ya kusini, kilometa kama 9, kando ya korongo refu ambalo chini yake mto unasikika kabla haujaonekana. Kila pembe ya barabara inaonyesha mawe meupe yanayochomoza msituni. Mwisho wa barabara ndio Arantzazu.

Jina hilo lina historia yake. Katika lugha ya Wabaski *arantza* ni mwiba, na Arantzazu ni mahali penye miiba mingi. Esteban de Garibay, mwandishi wa historia aliyezaliwa Mondragón, jirani ya hapo, aliandika kwamba yapata mwaka 1469 mchunga mmoja aitwaye Rodrigo de Balzategi alikuwa akichunga mifugo yake katika makorongo hayo. Akaona juu ya kichaka cha miiba sanamu ndogo ya Bikira Maria, na kando yake kengele kubwa kama ile wanayofungwa wanyama shingoni. Watu husimulia kwamba mchunga alishangaa akauliza: "Wewe, katika miiba?" Siku zile nchi ilikuwa na ukame, na koo kubwa za nchi zilikuwa zikiuana kwa visasi. Watu walipanda kwa maandamano, mvua ikanyesha, na wenye visasi wakaanza kupatana. Sanamu yenyewe ingalipo. Ni ya jiwe, ni ndogo, haifiki nusu meta. Mgeni aliyetazamia kitu kikubwa hulazimika kuitafuta kwa macho. Mwaka 1886 ilivikwa taji kwa idhini ya Kanisa, na sikukuu yake huadhimishwa tarehe 9 Septemba.

Hija iliyo mashuhuri kuliko zote ni ya mtu aliyekuwa akichechemea. Inyasi wa Loyola, mzaliwa wa Gipuzkoa hii hii, alivunjwa mguu na risasi ya mzinga huko Pamplona tarehe 20 Mei 1521. Madaktari waliuunga vibaya, wakauvunja tena, naye hakupata tena kutembea kama zamani. Mapema mwaka 1522 aliondoka kwao amepanda nyumbu, akasema anakwenda kumwona bwana mkubwa wake wa zamani, ambaye aliishi Navarrete. Kaka yake alimsindikiza. Njiani Inyasi alimsihi wakeshe pamoja Arantzazu, naye alikesha usiku ule akisali apate nguvu za safari. Kisha akamwacha ndugu yake Oñati akaendelea. Sijui ndugu yule alifikiri nini asubuhi ile. Nadhani alikuwa amekwisha fahamu kwamba askari aliyemjua harudi tena nyumbani. Inyasi hakuusahau usiku huo. Miaka zaidi ya 30 baadaye, alipokwisha kuwa mkubwa wa Shirika la Yesu huko Roma, nyumba ya Arantzazu iliungua moto, naye aliandika katika barua juu ya faida aliyoipata rohoni katika mkesha ule. Siku hizi kuna njia ya hija inayofuata nyayo zake kutoka Loyola mpaka Manresa, kilometa zipatazo 650, na mahujaji hulala Arantzazu kabla ya kuvuka mlima.

Nyumba ya watawa Wafransisko iliungua mara tatu: mwaka 1553, mwaka 1622, na mwaka 1834 ilipotiwa moto na askari wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kanisa tunaloliona leo lilianzwa mwaka 1950. Mafundi wake, Sáenz de Oiza na Laorga, walifunika minara kwa mawe yaliyochongwa ncha kali, hata mtu akiwa mbali anafahamu: hii ni miiba ya Rodrigo. Juu ya mlango wamesimama Mitume, kazi ya mchongaji Jorge Oteiza. Watoto wa katekisimu watawahesabu mara mbili, kwa maana wako kumi na wanne. Husimuliwa kwamba Oteiza alipoulizwa sababu alijibu kuwa nafasi haikutosha kuweka wengine zaidi. Tena Mitume hao wametobolewa vifuani, wako wazi ndani kama mizinga ya nyuki iliyokwisha kurinwa asali. Jambo hilo liliwachukiza wengi. Mwaka 1955 wakubwa wa Kanisa waliizuia kazi, na sanamu zile nzito zikalala kando ya barabara miaka mingi, zikinyeshewa, mpaka zilipopandishwa mahali pake mwaka 1969. Mimi mwenyewe mwanzoni sikuzipenda. Baadaye nilijifunza habari za mlima ulio nyuma ya kanisa, nikaona kwamba mchongaji alijua amesimama juu ya ardhi ya namna gani. Tutafika hapo.

Neno moja tu juu ya lugha, kabla ya kupanda. Lugha ya Wabaski haina undugu unaojulikana na lugha nyingine yoyote ya Ulaya, na kila bonde lilikuwa likiisema kwa namna yake. Mwezi wa Oktoba mwaka 1968 wataalamu wao walikutana hapa Arantzazu, katika nyumba ya Wafransisko, wakaanza kupatana juu ya lugha moja ya kuandikia shuleni na vitabuni, wakiongozwa na mawazo ya Koldo Mitxelena. Sisi tusomao Kiswahili cha vitabu na kusema kingine sokoni hatuhitaji kuelezwa jinsi maneno yalivyokuwa makali.

Haya, tukaze viatu. Kutoka kanisani mpaka uwanda wa Urbia ni mwendo wa saa moja na zaidi. Njia inapita katika msitu wa miti mirefu yenye gome laini la kijivu, ambayo Wabaski huiita *pagoa*. Majani yake hupukutika yote kabla ya baridi, na chini huwa kama zulia la rangi ya shaba. Ghafula msitu unakwisha, na mbele kuna majani mabichi mapana, penye meta zaidi ya 1,100, na ukuta wa mawe meupe upande wa kaskazini. Huo ukuta ndio Aizkorri. Pale uwandani kuna kikanisa cha Bikira Maria, nyumba moja ya kupokea wageni, vibanda vya wachunga vilivyotawanyika, farasi, na kondoo wengi.

Kondoo wa huko huitwa *latxa*. Sufi yake ni ndefu na ngumu, hata mvua inateleza mgongoni bila kufika mwilini. Wachunga huwapandisha mwezi wa Mei na kuwashusha baridi ikikaribia. Maziwa yake hufanywa jibini iitwayo Idiazabal, kwa jina la kijiji kilicho chini ya mlima. Maziwa hayachemshwi, na jibini hukaa siku 60 kwa uchache kabla ya kuuzwa. Zamani ilikaa juu ya vichanja ndani ya kibanda, moshi wa moto wa mchunga ukiipita usiku na mchana, ikapata rangi ya kahawia na harufu ya kuni. Mpaka leo nyingine hufukizwa moshi kwa makusudi, kwa sababu watu waliizoea ladha ile.

Malisho mengi ya huku juu si ya mtu mmoja. Ni mali ya vijiji vya Gipuzkoa na vya Araba kwa pamoja, chini ya ushirika wa kale uitwao Parzonería, wenye sheria zake tangu zama za kati. Hakuna kijiji kinachoweza kuuza sehemu yake na kujitenga. Mtembezi anayetoka mjini Jumapili na mfuko mgongoni, hata akiwa ameipenda sana milima, huku ni mgeni. Hufunga lango nyuma yake, humshika mbwa wake kwa kamba, wala hapiti katikati ya kundi wakati wa kukamua.

Basi sasa nawaomba mnisikilize vizuri. Urbia ina mvua nyingi, lakini mtu akitafuta mto mkubwa hauoni. Kijito kinatokea, kinatembea majanini kitambo kidogo, kisha kinaingia katika tundu la ardhi na kupotea. Kimekwenda wapi?

Aizkorri ni mlima wa mawe ya chokaa. Mawe hayo yalifanyika zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, chini ya bahari ya joto isiyo na kina kirefu, kwa maganda ya viumbe vya bahari na matumbawe yaliyokufa na kushikamana. Baadaye ardhi ilikunjwa na kunyanyuliwa, na sakafu ya bahari ikawa kilele. Mchunga akiketi juu ya jiwe la Aizkorri kula mkate wake, ameketi juu ya makombe. Maji ya mvua, yakipita hewani na katika udongo wenye majani yaliyooza, hupata ukali mdogo sana, mdogo kuliko wa limau, lakini unatosha kulila jiwe la chokaa. Mwaka mmoja huoni kitu. Miaka maelfu kwa maelfu, ufa huwa tundu, tundu huwa shimo, shimo huwa pango, na mlima mzima unakuwa na uvungu ndani kama jino bovu. Hapo utakumbuka wale Mitume waliotobolewa vifua.

Hata mto wa Arantzazu wenyewe, ule tuliousikia korongoni, unaingia chini ya mlima mahali paitwapo Gesaltza, unapita gizani, na kutokea tena Jaturabe. Mapango ya njia hiyo yana urefu wa kilometa nyingi. Sehemu moja, pango la Arrikrutz, imewekewa madaraja na taa, na wageni huingia wakiongozwa. Mwaka 1966 wachunguzi wa mapango walikuta humo mifupa ya simba, mwili mzima karibu bila kupungukiwa. Ndiyo, simba, huko Ulaya! Ni simba wa mapangoni, mkubwa kuliko wa nchi zetu, ambaye jamii yake imekwisha kabisa duniani. Alianguka, au aliingia akashindwa kutoka.

Mashimo haya ni hatari kwa walio hai pia. Mengine yana mdomo mwembamba uliofichwa na majani au theluji. Ukungu ukishuka Urbia, mtu haoni viatu vyake, na uwanda uliokuwa wazi saa tatu huwa ukuta saa nne. Wenyeji hufundisha watoto wao hivi: shika njia iliyopakwa alama za rangi mawe kwa mawe, usipoona alama inayofuata, rudi kwenye ile ya nyuma ukangoje hapo. Kengele za kondoo zinasikika kila upande, lakini usizifuate, maana kondoo ana miguu minne na hana haraka ya kufika kanisani.

Lakini kwangu mimi hatari iliyo kubwa zaidi ni ile isiyoonekana. Katika nchi ya udongo na mchanga, maji machafu yakizama huchujwa polepole. Katika mlima wa chokaa maji hupita mapangoni kama katika bomba, upesi, na kila kilichomo ndani yake. Zamani, katika milima mingi ya namna hii, ilikuwa desturi kutupa mizoga ya wanyama mashimoni ili isienee ugonjwa malishoni. Walidhani wameizika. Kumbe waliipeleka kwenye chemchemi za watu wa bondeni, mara nyingine jamaa zao wenyewe. Leo jambo hili linajulikana, na tangu mwaka 2006 safu yote ya Aizkorri ni hifadhi ya asili. Ndiyo sababu huoni pipa la takataka njiani: kila mpandaji hushuka na karatasi zake, makopo yake na maganda yake mfukoni. Vijana wengine hulalamika kwamba ganda la chungwa si sumu. Mchunga hubishana nao kidogo, kisha huliokota mwenyewe.

Kutoka Urbia mpaka kwenye ukingo wa juu ni saa moja na nusu hivi ya mawe na jasho. Karibu na kilele kinachoitwa Aizkorri chenyewe, penye meta 1,528, kuna kikanisa kidogo cha mawe na kibanda cha kujikinga na upepo. Upande wa kaskazini mlima umekatika kama ulivyokatwa kwa shoka, na vijiji vya Zegama viko chini kabisa. Wako watu wanaokimbia hapa: mbio za Zegama, zilizoanza mwaka 2002, zina urefu wa kilometa 42 na zinapita juu ya ukingo huu huu, na siku hiyo watazamaji hupanda alfajiri kwa maelfu ili wawapigie kelele wakimbiaji. Sitawashauri wasomaji wetu.

Desturi nyingine inanipendeza zaidi. Juu ya vilele vya Wabaski utakuta sanduku dogo la chuma, kama sanduku la posta. Mpandaji huacha ndani kadi yenye jina lake, chama chake na tarehe. Anayefika baada yake huichukua na kuituma kwa mwenyewe kwa posta. Vyama vya wapanda milima vya huko viliungana mwaka 1924, katika mkutano wa Elgeta, na kadi hizo zilikuwa ushahidi wa waliotimiza vilele vyao. Mtu hupata barua kutoka kwa asiyemjua, isiyosema ila jambo moja: nimefika ulipofika.

Anayeendelea upande wa mashariki hushukia San Adrián. Hapo mlima umetobolewa kutoka upande hadi upande, pango la asili ambalo kwa karne nyingi lilikuwa njia kuu kati ya Kastilia na Ufaransa. Wafanya biashara, askari na mahujaji wa Santiago walipita ndani ya jiwe, na kikanisa kimejengwa humo humo pangoni. Mlango wa upande mmoja ni wa chini. Wenyeji husema kwamba hata Kaisari Karoli wa Tano alilazimika kuinamisha kichwa.

Lazima nimtaje padri mmoja. José Miguel de Barandiarán, mzaliwa wa Ataun, si mbali na hapa, alizaliwa tarehe 31 Desemba 1889 akafa tarehe 21 Desemba 1991, amebakiza siku kumi kutimiza miaka 102. Alipokuwa kijana alichimbua pamoja na wenzake makaburi ya mawe makubwa ambayo watu wa kale waliyaacha katika milima hii. Jioni aliketi na wazee na kuandika hadithi zao, hata zile za Mari, bibi wa mapangoni, ambaye wachunga walisema anakaa pango la Aketegi, juu hapo Aizkorri, na kuleta mvua ya mawe akikasirika. Hakuwacheka wala hakuwakemea. Aliandika neno kwa neno, kisha asubuhi akasoma Misa yake. Laiti kila parokia yetu ingepata mtu mmoja wa namna hiyo wakati bibi zetu wangali hai.

Jua likishuka, watembezi hurudi Arantzazu kwa njia ya msitu. Wengine huingia kanisani na viatu vyenye matope, wakaketi nyuma. Mvua iliyowanyeshea Urbia mchana imekwisha kuingia ardhini. Iko chini yao sasa, inapita gizani katika mapango, nayo itatokea bondeni kama ilivyoachwa na waliokuwa juu.